UZI: Ripoti imeandika melanoma, Breslow 0.7 mm, pT1a. Isomeni hivi kabla hamjauza shamba

Hadubini40x #1

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa yule mwenye karatasi ya patholojia mkononi, jina la juu ni la mama au mjomba, na neno lililompiga macho ni melanoma, yaani saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ripoti zetu huja kwa Kiingereza cha hospitali, daktari ana foleni hadi kwenye ngazi, na familia ikifika nyumbani kila mtu ana tafsiri yake. Wengi wanasoma neno hilo moja, namba wanaziacha. Namba ndiyo ripoti yenyewe.

Tutumie mfano wa kutunga, ila wa aina inayoonekana zaidi kwa watu weusi. Mama wa miaka 58, doa jeusi kisigino cha kulia, limekatwa lote. Ripoti inasema: acral lentiginous melanoma, Breslow 0.7 mm, ulceration (kidonda) hakuna, mitosisi chini ya 1 kwa milimita moja ya mraba, ukingo wa chini safi, ukingo wa pembeni una seli za in situ zilizobakiza 0.5 mm kufika mwisho wa kipande, pT1a.

Acral lentiginous ni melanoma ya unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Jua halihusiki nayo kwa kiasi cha kuhesabika, kwa hiyo asilaumiwe mtu kwa kulima mchana.

In situ maana yake seli mbaya bado zimo ndani ya ngozi ya juu, hazijavuka kwenda ngozi ya ndani ambako kuna mishipa ya damu na ya limfu. Zikivuka, hapo ndipo tunapima kina. Kipimo hicho ni Breslow, kwa jina la Alexander Breslow aliyekieleza mwaka 1970. Kinaanzia kwenye tabaka la chembechembe, chini kidogo ya ile ngozi ngumu ya juu kabisa, hadi seli mbaya iliyozama zaidi. Gaga la kisigino halihesabiwi. Ndiyo maana doa linaweza kuonekana limetuna kama kitufe, ripoti ikasema 0.7.

Herufi T inafuata kina hicho; p iliyo mbele yake maana yake imepimwa na patholojia. Tis ni in situ. T1 ni hadi 1.0 mm, T2 ni zaidi ya 1.0 hadi 2.0, T3 zaidi ya 2.0 hadi 4.0, T4 zaidi ya 4.0. T1 imegawanywa: chini ya 0.8 bila kidonda ni T1a. Chini ya 0.8 yenye kidonda, au 0.8 hadi 1.0 iwe na kidonda au isiwe nacho, ni T1b. Kidonda hapa ni kile kinachoonekana kwenye hadubini, yaani ngozi ya juu imekatika juu ya uvimbe. Mama anaweza kukwambia hakikuwa na kidonda na ripoti ikasema kipo, wote wako sahihi.

Mitosisi ni seli zinazogawanyika. Tangu mwongozo wa AJCC wa kupanga hatua za saratani, toleo la 8, uanze kutumika 2018, hazibadilishi tena herufi ya T1, ila lazima ziandikwe. Clark level ni kipimo cha zamani, ukikiona, kisikusumbue.

---

MtotoWaMwisho #2

Mtaalam, shukrani. Ya baba mdogo imeandikwa 0.78 mm halafu mwishoni pT1b, kidonda hakuna. Si umesema chini ya 0.8 ni T1a? Wamekosea?

---

Hadubini40x #3

Hawajakosea, mkuu. Kanuni ni kukadiria hadi desimali moja kabla ya kupanga. 0.75 hadi 0.84 yote huandikwa 0.8, na 0.8 ni T1b. Vivyo hivyo 1.04 inakuwa 1.0, bado T1.

Wewe angalia jambo jingine: kuna neno "at least" mbele ya namba? Likiwepo, maana yake kipande kilichukuliwa kwa kukwangua au kwa kisu cha duara kidogo, na seli zimefika hadi mwisho wa chini wa kipande. Hiyo 0.78 basi ni kiwango cha chini tu, kina halisi hakijulikani hadi sehemu iliyobaki ikatwe. Kinachohesabika mwishoni ni kipimo kikubwa kuliko vyote. Familia nyingi hushangaa ripoti ya pili kusema 1.3 wakati ya kwanza ilisema 0.7, wakadhani ugonjwa umekimbia ndani ya wiki tatu. Haukukimbia, haukuwa umepimwa wote.

---

NgoziKwanza #4

Naongezea kwenye hatua, maana hapa ndipo madaktari wawili huandika vitu viwili na ndugu wakaanza kugombana.

T1a ni hatua IA. T1b ina sura mbili. Kabla tezi za limfu (mitoki) hazijapimwa kwa hadubini, T1b inaitwa hatua IB kwa kliniki. Tezi ikitolewa, ikapimwa, ikakutwa safi, T1b hiyohiyo inakuwa IA kwa patholojia. Baba mdogo anaweza kuandikiwa IB mwezi huu na IA mwezi ujao. Hajapona nusu, zimebadilika taarifa.

Kuhusu maisha: takwimu zilizojengea toleo la 8 zinaonyesha wagonjwa wa hatua IA, baada ya miaka 5, asilimia 99 hawajafa kwa melanoma, IB ni 97. Ila niseme wazi, wengi wa watu hao ni Wazungu wenye melanoma za mgongoni na miguuni (si nyayoni). Kwa Marekani, hesabu za 1986 hadi 2005 zilionyesha melanoma ya unyayo na kiganja, hatua zote zikichanganywa, ni asilimia 80 kwa miaka 5 dhidi ya 91 kwa melanoma za ngozi kwa jumla. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kuchelewa: inaitwa sugu, chunjua, funza, kidonda cha kisukari, au "amekanyaga kitu kibaya", mwaka unapita. Lakini hata hatua zikilinganishwa, hii ya unyayoni bado ni nzito kidogo. Kwa hiyo 0.7 ya kisigino ni habari njema, na ufuatiliaji wake usilegezwe.

---

KisuSafi #5

Sasa upasuaji, ambao kwa hatua hii ndio tiba yenyewe.

Mara ya kwanza doa hukatwa na ukingo mwembamba, milimita 1 hadi 3 za ngozi nzima, kwa ajili ya kupima tu. Ripoti ikitoka ndipo anakatwa mara ya pili kwa upana unaotokana na Breslow. In situ: sentimita 0.5 hadi 1. Hadi 1.0 mm: sentimita 1. Zaidi ya 1.0 hadi 2.0: sentimita 1 hadi 2. Zaidi ya 2.0: sentimita 2.

Upana huo unapimwa kwa rula juu ya ngozi, kutoka ukingo wa doa au wa kovu, unachorwa kwa kalamu kabla ya kisu. Haupimwi kwenye ripoti. Kipande kikikatwa hujikunja, na fomalini hukikaza zaidi, kwa hiyo sentimita 1 ya mezani inaweza kusomeka milimita 8 maabara. Usiende kumshtaki daktari kwa milimita 2. Kwenda chini, hukatwa mafuta yote hadi kwenye utando unaofunika misuli.

Kisiginoni hapana ngozi ya kuvuta. Shimo la sentimita 3 halifungwi kwa nyuzi. Hupandikizwa ngozi, au hugeuzwa nyama na ngozi kutoka sehemu ya ndani ya unyayo isiyobeba uzito. Hii ya pili huvumilia kutembea kuliko kiraka chembamba cha pajani. Ulizeni mapema itakuwa ipi, kwa sababu mipango ya nyumbani inategemea jibu: kwa wiki 3 hadi 6 hakanyagii kisigino hicho. Andaeni magongo mawili (moja halitoshi), kiti cha kuogea, na kama choo ni cha kuchuchumaa, kiti chenye tundu. Mguu ukae juu ya usawa wa moyo akiwa amelala. Nyuzi za unyayo hutolewa kuanzia siku ya 14, mara nyingi hadi wiki ya 3, si siku ya 7 kama za usoni.

Kinachoharibu kiraka ni vitu vitatu: kukanyaga mapema, damu kujikusanya chini yake, na usaha. Sukari iwe imetulia kabla ya siku ya kulazwa. Kama anavuta sigara, aache sasa hivi, si asubuhi ya upasuaji.

---

Kipepeo_TZ #6

Hapa sielewi. Ripoti inasema wametoa lote, ukingo safi. Kukata tena kwa nini? Na wazee wanasema saratani ikiguswa na kisu ndiyo inasambaa.

---

KisuSafi #7

Dada, wazee walichoona ni kweli, sababu ndiyo waliyokosea. Zamani mtu alifika kwenye kisu akiwa amechelewa, seli ziko tayari kwenye mitoki, anakatwa leo, miezi sita mbele kinena kimevimba. Kisu ndicho kilichoonekana, kikalaumiwa.

Kukata tena ni kwa sababu melanoma ya unyayo hutambaa pembeni mbali kuliko rangi inavyoonyesha. Rudi kwenye mfano wa #1: in situ imebakiza 0.5 mm. Maabara hukata kipande kwa vipande vyembamba kama mkate, huona sehemu ndogo tu ya ukingo mzima. "Safi" maana yake sehemu zilizotazamwa ziko safi. Hiyo sentimita 1 ni ya seli zilizo katikati ya vipande.

Kisichotakiwa ni kinyume chake: daktari kukata sentimita 2 pande zote siku ya kwanza, kabla ya kujua ni nini. Ikija kuwa melanoma, njia za limfu zimeshavurugwa na tezi ya kwanza haipatikani tena kwa uhakika. Na kuchoma kwa umeme, asidi ya chunjua au dawa ya kienyeji ya kubabua kunaacha ugonjwa chini na kuharibu kipimo cha kina. Doa likishababuliwa, hakuna wa kukuambia lilikuwa milimita ngapi.

---

Kijana_wa_Eldoret #8

Wadau, asanteni kwa maelezo. Shosho ameambiwa 0.9 mm kwa wayo, na daktari ametaja kutoa tezi ya kinena. Mwingine amesema haina haja. Tumfuate nani?

---

NgoziKwanza #9

Wote wawili wanaweza kuwa na hoja, ndiyo maana miongozo kwa T1b husema "jadilini", haisemi "fanyeni".

Mpangilio uko hivi. Chini ya 0.8 bila kidonda, uwezekano wa kukuta seli kwenye tezi uko chini ya asilimia 5, kwa kawaida haitolewi. T1b ni kati ya asilimia 5 na 10, hujadiliwa: umri, afya ya moyo, mitosisi nyingi, "at least". Zaidi ya 1.0 mm, hupendekezwa.

Kinachotolewa si tezi zote. Ni ile ya kwanza kupokea limfu kutoka kwenye doa, moja au mbili. Huchomwa dawa ya mionzi kidogo, tekinetiamu, kuzunguka kovu, picha hupigwa, kisha mezani huongezwa rangi ya bluu. Rangi peke yake bila mionzi hukosa tezi mara nyingi zaidi. Kwa kisigino, tezi kwa kawaida iko kinena, lakini limfu ya upande wa nje inaweza kuishia nyuma ya goti, ndiyo maana picha ni muhimu. Mkojo wa bluu au kijani siku ya pili usiwatishe.

Jambo la kumbana daktari ni hili: kama tezi itatolewa, itolewe siku ileile ya kukata mara ya pili, si baadaye. Nyama ikishageuzwa kisiginoni, ramani imebadilika.

Faida yake ni taarifa, si tiba. Majaribio makubwa hayakuonyesha kwamba kuitoa peke yake kunaongeza maisha kwa wagonjwa wote kwa jumla, na ya 2017 yalionyesha kwamba hata ikikutwa na seli, kusafisha kinena chote hakuongezi maisha kuliko kufuatilia kwa picha ya mawimbi ya sauti (ultrasound). Kama Shosho ana miaka 84 na moyo dhaifu, anayesema haina haja hajazembea. Kama ana miaka 60 na anapanda mlima na gunia, sikilizeni wa kwanza.

---

Simba_wa_Nyikani #10

Saratani ni saratani. Apigwe kemo mapema kabla haijasambaa, na CT ya mwili mzima. Pesa hutafutwa.

---

NgoziKwanza #11

Mkuu, hapana. Kemo haina kazi kwenye melanoma ya hatua I. Tiba mionzi pia si ya kawaida hapa. Dawa za kuamsha kinga kama pembrolizumab zilipitishwa Marekani Desemba 2021 kwa hatua IIB na IIC baada ya upasuaji, si kwa IA. Kipimo cha jeni ya BRAF nacho hakibadilishi chochote kwa sasa. Na melanoma za unyayo huwa na mabadiliko ya jeni hiyo mara chache kuliko za maeneo ya jua.

CT kwa T1a asiye na dalili huokota vivuli: kovu la kifua kikuu cha zamani, uvimbe wa maji kwenye ini. Kila kivuli kinadai kipimo kingine. Familia inamaliza akiba kwenye ini lisilo na ugonjwa, halafu nauli ya kliniki ya baada ya miezi sita inakosekana. Hiyo kliniki ndiyo yenye thamani. Daktari wa ngozi au wa saratani anapatikana Ocean Road na Muhimbili hapa Dar, KCMC Moshi, Bugando Mwanza; kwa Kenya, Kenyatta na Moi pale Eldoret; Uganda ni Taasisi ya Saratani pale Mulago. Barua ya rufaa iambatane na ripoti kamili, si muhtasari wa mstari mmoja "melanoma, tafadhali msaidie".

---

MtotoWaMwisho #12

Nyumbani tunaangalia nini kila mwezi? Na watoto wake wapimwe?

---

KisuSafi #13

Dakika kumi kwa mwezi, kwenye mwanga wa dirishani, miguu imeoshwa.

Kovu kwanza: rangi nyeusi au ya bluu inayorudi pembeni mwa kiraka. Halafu njia kutoka kovu hadi kinena, pitisha kiganja taratibu. Unatafuta punje ngumu chini ya ngozi, nyeusi au ya rangi ya ngozi. Hizo ndizo seli zilizokwama njiani, na ndizo ndugu huwa hawaambiwi.

Kisha nyuma ya goti na kinena, akiwa amelala chali, vidole vitatu bapa. Hapa muwe na akili: mtu aliyetembea pekupeku na kupata michubuko maisha yake yote huwa na mitoki midogo laini kinena, kama maharage, inayoteleza. Hiyo ni yake ya siku zote. Ya kupeleka hospitali ni ngumu, inayokua, isiyoondoka kwa wiki 3 au 4. Ipimeni kwa sindano nyembamba ya kuvuta seli, msikubali ikatwe wazi kama jipu.

Mwisho nyayo zote mbili, katikati ya vidole, kucha, viganja. Kliniki ni kila miezi 6 hadi 12 kwa miaka 5, baadaye mara moja kwa mwaka. Kwa unyayo, mwaka wa kwanza na wa pili ningebana kwenye miezi 3 hadi 6.

---

NgoziKwanza #14

Kuhusu watoto: haiambukizi, wala hakuna sababu ya kuwapima damu. Kwa melanoma kwa jumla, mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja ana hatari takriban maradufu, lakini hesabu hiyo imetoka hasa kwa Wazungu, ambao wana zile za jua. Ya unyayo haifuati ukoo kwa namna hiyo. Kinachowatosha ni kujua kutazama.

Doa la unyayo la kupeleka: limezidi 7 mm, rangi zaidi ya moja, linakua, linatoka damu, au "kidonda" kilichokaa zaidi ya miezi 2 bila jina. Doa jeusi linalokwanguka kwa wembe safi juu ya gaga ni damu iliyovilia.

Ukucha: watu weusi wengi wana mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, hiyo ni ya kawaida. Mstari mmoja, ukucha mmoja, mtu mzima, umezidi 3 mm, mpana zaidi kwenye shina kuliko ncha, au weusi umemwagikia kwenye ngozi ya kando ya ukucha, huo ukatwe kipimo. Mkibisha kuwa ni damu ya kujigonga, wekeni alama kwa tupa: damu husogea mbele na ukucha, kama milimita moja na kidogo kwa mwezi kwenye dole gumba la mguu. Ya Bob Marley mwaka 1977 ilikuwa chini ya ukucha wa kidole cha mguu na ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki 11 Mei 1981, ana miaka 36.

Na msinunue losheni ya jua kwa ajili ya kisigino. Ile inayotengenezwa KCMC waachieni wenye ualbino, ndio wanaoihitaji.

---

Kipepeo_TZ #15

Swali la mwisho jamani. Tunataka maoni ya daktari wa pili. Tupeleke karatasi tu?

---

Hadubini40x #16

Karatasi haitoshi, maana daktari wa pili atasoma maneno ya wa kwanza. Nendeni maabara iliyopima mkaombe vioo na kitalu cha nta, mkiwa na barua ya daktari na kitambulisho cha mgonjwa. Kitalu ndicho chenye nyama yenyewe. Kutoka humo hukatwa vipande vipya na kupakwa rangi za kinga kama SOX10 au Melan-A, zinazoonyesha seli za aina ya melanoma. Hakikisheni namba iliyoandikwa kwenye kitalu ni ileile ya ripoti, tarakimu kwa tarakimu, na msaini daftari la kutoka.

Kwa wale ambao kipande bado hakijafika maabara: fomalini iwe ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa nyama. Si maji ya chumvi, si spiriti. Chupa iwe na mdomo mpana. Nyama huingia laini kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, kesho yake imekauka kama kiatu na haitoki bila kukatwakatwa, na hapo kipimo cha kina ndiyo basi tena. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Daktari aache uzi mmoja kwenye upande unaoelekea vidole na auandike kwenye fomu, bila hivyo nikisema "ukingo una seli" hakuna atakayejua ni ukingo upi.

Kitalu msikiache juu ya dashibodi ya gari. Ni nta.